Minervali peke yake haimalizi masomo

Wazazi wapendwa, na wewe kijana unayesoma Lubumbashi,

Najua, pasta akitaja feza watu wanaangalia mlango. Leo sitaomba matoleo.

Komite ya bursi ya parokia yetu ilikuwa inalipia msichana mmoja minervali. Mwaka wa tatu akaja kutuona. Kulikuwa staji, kulikuwa kazi ya mwisho ya kuchapisha na kufunga, tena transpo ya kila siku kutoka kwa mjomba wake mpaka fakulte. Mimi mwenyewe nilimjibu: «Mwanangu, hesabu ya mwaka imekwisha kupitishwa.» Akasema, ndiyo pasta, akaenda. Hakumaliza. Minervali ya miaka mitatu ilikuwa imekwisha kulipwa, na alishindwa juu ya makuta ambayo tungeyapata kwa siku mbili tu.

Katika Luka 14:28 Yesu anasema juu ya mtu wa kujenga mnara, kwamba anakaa kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu msingi tu.

Sasa mwenye kuomba bursi analeta hesabu nzima: minervali, silabusi, nyumba, chakula, transpo, dawa. Hatuwezi kulipa yote, lakini tunaandika nani atalipa nini, kanisa hiki, mjomba kile. Kiisha tunaweka fungu moja la kumi pembeni, haliguswi mbele ya mwezi wa tatu. Minervali mara nyingi inahesabiwa kwa dola, na sadaka yetu inaingia kwa franka. Franka ikishuka, lile fungu njo linatuokoa.

Kijana, gharama mpya ikitokea, kuja mapema na karatasi mkononi: barua ya staji, karatasi ya daktari, bei ya mwenye kuchapisha. (Wengine wanaandika silabusi mara mbili, na ya pili ni telefone. Tunajua, sisi pia tulikuwa vijana.) Usinyamaze kwa haya. Katika mpango wa LMD, ulioanza kwetu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja ni kredi 60, na lisansi ni kredi 180. Kozi uliyoanguka kwa kukosa silabusi inabaki deni lako, utairudilia, na kuirudilia ni feza tena.

Yule msichana anauzisha mikate sokoni. Siku ya posho nilipita kwake na barua ya komite. Aliipokea, akaiweka chini ya kikapu, akanihesabia chenji yangu.