Mtoto Njiti na Mizani ya Kumpimia Muuguzi

Mtoto njiti anapofariki hospitalini, neno la kwanza linalosikika katika jumuiya zetu za Karagwe na Kyerwa ni kwamba wauguzi wamezembea. Uzembe upo, na hauna budi kukemewa. Lakini anayetaka kuhukumu kwa haki yampasa kwanza aijue kazi yenyewe.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37 hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya, na pengine hupitiwa hata kupumua. Muuguzi humpima joto, humlisha maziwa ya mama kidogo kidogo kwa mpira, na hunawa mikono kila anapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Zamu yenye muuguzi mmoja na watoto wengi haimruhusu kuyatimiza hayo ipasavyo, hata awe na moyo wa namna gani. Ukaguzi unaohesabu mashine na vifo bila kuhesabu mikono iliyokuwapo usiku ule ni nusu ya ukaguzi.

Tena dawa iliyo karibu kuliko zote ni kifua cha mama. Matunzo ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, humweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, kuyaanza mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, hupunguza vifo kwa robo. Shirika la Afya Duniani likayapendekeza mwaka 2022, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za mashine, mimi ningeuliza: mama yuko na mtoto wake, au amewekwa nje ya mlango?

Lakini saa hizo zitatoka wapi? Mama wa Murongo au Kaisho ameacha migomba, watoto wengine, na mume asiyejua chumvi inakaa wapi. Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa ili mama wa njiti aongezewe likizo. Ni jambo la kushukuru, ila mkulima wa kahawa hana mwajiri wa kumwomba likizo. Anaomba ruhusa, muuguzi anambembeleza abaki, mwishowe anaondoka. Kisha lawama tunamtwika muuguzi. Je, jumuiya yake ilipeleka chakula wodini? Nani alipalilia shamba lake majuma hayo?

Liko pia jambo la kichungaji. Kanuni ya 867 ya Sheria ya Kanisa yataka mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia, na ya 861 yamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza wakati wa dharura. Wazazi wengi hungoja padre afike, na barabara ni tope. Mwombeni muuguzi. Maji ya kawaida yatosha, yakimiminwa kichwani pamoja na maneno ya Utatu Mtakatifu. Kisha leteni taarifa parokiani, jina la mtoto liandikwe katika kitabu cha ubatizo.