Mzee Aliyezikwa Stockholm Hakutupwa

Tanzia ikishatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania au Wakenya wa Stockholm, ujumbe unaofuata mara nyingi huwa ni namba ya kutuma mchango. Pole zenyewe bado hazijaisha. Kamati ya mazishi imeundwa, mweka hazina ameteuliwa na hesabu imeanza: jeneza la safari, kuhifadhi mwili, vibali, tiketi za mjane na watoto, gari la kutoka uwanja wa ndege hadi kijijini. Hakuna aliyeuliza kama marehemu alitaka kusafirishwa. Jambo hilo huchukuliwa kuwa limekwisha kuamuliwa: baba akifia ughaibuni hurudishwa nyumbani, na watoto wasiomrudisha wamemtupa.

Wengi wanaoamini hivyo wanaamini kwa mapenzi, na mapenzi hayo yaheshimiwe. Imani yenyewe ndiyo isiyostahili heshima. Inageuza siku za kulia kuwa siku za kukusanya fedha, inawanyima watoto na marafiki kaburi la kuzuru, na inamnyang'anya marehemu neno lake la mwisho kuhusu mwili wake mwenyewe.

Wazee wanaozungumziwa hapa hawakufika Sweden jana. Nchi za Nordiki zilianzisha kituo cha elimu Kibaha mwaka 1963. Mwaka 1975 Tanzania ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden. Mwalimu Nyerere na Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, walikuwa marafiki. Kwa njia kama hizo na nyingine nyingi, vijana wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma, wakapata kazi, wakaoa, wakabaki. Vijana wale leo ni wazee wa vitongoji vya Stockholm kama Farsta, Skärholmen na Rinkeby. Wapo walioishi huko miaka mingi kuliko waliyoishi Tanga au Kisumu, na wajukuu wao huwasalimu shikamoo kwa lafudhi ya Kiswidi.

Mzee wa namna hiyo hakuwa baba wa nyumba moja tu. Ndiye aliyempokea mwanafunzi mgeni uwanja wa ndege wa Arlanda mwezi wa Januari, akiwa na koti la ziada mkononi kwa kuwa alijua kijana atashuka na shati. Ndiye aliyejua fomu ipi ipelekwe ofisi ipi, aliyewapatanisha wanandoa waliogombana, aliyesimama kwenye harusi badala ya wazazi waliokosa viza. Alikuwa baba kwa watoto wake na rafiki kwa watu ambao hawakuwa na ndugu mwingine mjini. Kwa hiyo msiba wake una wafiwa wa pande mbili, wa kule alikozaliwa na wa kule alikoishi. Desturi ya kusafirisha inawahesabu wa upande wa kwanza peke yao.

Safari yenyewe ni ya namna gani? Mwili hutiwa dawa usiharibike, huingizwa katika jeneza lenye bati ndani na kuzibwa kabisa. Ndege huupokea kama shehena, kwa hati ya mizigo kama ile ya bidhaa nyingine. Njiani hubadilishwa ndege, iwe Addis Ababa, Doha au Istanbul. Mengi ya hayo yana sababu za kisheria au za kiafya, na wanaoyafanya hawana kosa. Lakini ni vigumu kuyatazama kisha mtu aseme kwamba hiyo ndiyo heshima pekee anayoweza kupewa baba.

Kwa Waislamu, hoja ya kusafirisha ni dhaifu zaidi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka, akazikwa Madina, mji uliompokea. Mashahidi wa vita vya Uhud walipoanza kubebwa kwenda kuzikwa mjini, aliamuru warudishwe wazikwe walipouawa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wako wanazuoni wakubwa, akiwemo Imamu Nawawi, walioharamisha kumhamisha maiti kutoka mji mmoja hadi mwingine, isipokuwa kwa aliye karibu na Makka, Madina au Yerusalemu. Hata hivyo familia zilizoshika dini kwa kila jambo jingine huacha maiti ingoje siku kadhaa mpaka mchango utimie. Na kwa wale walio mbali, dini imeweka swala ya ghaibu. Mtume aliwaswalisha masahaba wake swala ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia nchini kwake ng'ambo ya bahari.

Historia ya pwani nayo haisemi kwamba mtu lazima azikwe alikozaliwa. Seyyid Said bin Sultan alizaliwa Oman. Alipofia baharini mwaka 1856 akiwa safarini kuelekea Zanzibar, mwili wake ulizikwa Zanzibar, kwenye nchi aliyoichagua kuishi. Binti yake Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Husimuliwa kwamba alizikwa na mchanga wa Zanzibar aliokuwa ameutunza.

Salme hakubaki karibu na kaburi la baba yake. Alichofanya ni kuandika. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1886 kinamwonyesha Said akiwa kwenye roshani ya duara ya jumba la Mtoni, akienda na kurudi kwa saa nyingi, ameinamisha kichwa kwa mawazo, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani tangu vitani. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu karafuu, meli na mikataba ya mtawala yule. Mwendo wake unajulikana kwa sababu binti aliyekuwa uhamishoni aliukumbuka. Hiyo ni kazi ya mtoto aliyefiwa, na haihitaji jeneza kupanda ndege.

Imani ya kurudisha mwili inapofikishwa mwisho wake, matokeo yanajulikana tangu kesi ya Kenya ya miaka ya 1980. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong, akieleza kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya mumewe. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Kijaluo. Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo ushindi Februari 1987, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye tarehe 15 Mei. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano tangu afe. Mjane wake hakuhudhuria mazishi hayo.

Mtu aliyetumia maisha yake kuwasemea wengine mahakamani hakuwa na sauti katika shauri la mwili wake. Waliokuwa wakilala naye nyumba moja na kula naye meza moja waliambiwa kwamba kwao si kwao. Kila kamati inayokata tiketi ya mzee bila kujua alitaka nini inarudia uamuzi ule, ila bila mahakama.

Sheria ya mazishi ya Sweden ya mwaka 1990 imeanzia upande mwingine. Inaagiza kwamba matakwa ya marehemu kuhusu kuzikwa au kuchomwa, na kuhusu mahali pa kuzikwa, yafuatwe kadiri inavyowezekana. Wafiwa wakikosana, mamlaka ya makaburi huwapatanisha kwanza. Wakishindwa kuelewana, serikali ya mkoa huamua. Mwili uzikwe au uchomwe ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa Mamlaka ya Kodi ikiongeza muda.

Kuna pia jambo ambalo wafiwa wengi hawalijui hadi msiba uwafike. Kila mkazi aliyesajiliwa Sweden mwenye kipato hulipa ada ya mazishi pamoja na kodi yake. Ada hiyo hugharimia eneo la kaburi kwa miaka 25, uchimbaji, na ukumbi wa kuagia. Jeneza na jiwe la kaburi ni juu ya familia. Sheria inataka pia patengwe maeneo maalumu kwa wasio Wakristo, kwa hiyo Mwislamu anapata kaburi lililoelekezwa kibla. Mzee aliyefanya kazi miaka 40 Stockholm amekwisha kulipia sehemu yake ya ardhi. Kumzika humo si kumwombea hisani kwa mtu.

Hapo hutolewa hoja inayorudiwa sana: Wazungu hawana habari na wafu wao, kwa hiyo mzee atalala peke yake. Anayesema hivyo apande treni ya kijani ya chini ya ardhi, namba 18, ashuke kituo cha Skogskyrkogården Jumamosi ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba. Makaburi hayo yalibuniwa na wasanifu Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, na tangu 1994 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Saa kumi jioni jua limeshazama. Maelfu ya watu wanaingia kati ya misonobari na mishumaa mikononi: bibi na kitambaa chake cha kufutia jiwe, baba anayemwelekeza mwanawe jinsi ya kukinga moto na upepo, watu wazima wamesimama wima bila kusema. Usiku ule msitu mzima unawaka taa ndogo ndogo. Watu hao wanawakumbuka wazazi wao. Hawapigi mayowe, na kutopiga mayowe si kusahau.

Hoja ya mama mzazi aliye kijijini ni nzito zaidi. Bibi wa miaka 90 anataka kuuona uso wa mwanawe, na hakuna sheria wala fatwa itakayomtuliza. Lakini nauli iliyotengwa kwa jeneza inatosha kuwapeleka wajukuu wakae naye, wamsimulie miaka ambayo hakuiona, wasome hitma au wafanye ibada pamoja naye. Wengine huuliza: miaka 25 ikiisha? Familia ikitaka kuendelea na kaburi, huomba muda uongezwe na kulipia. Na makaburi ya kijijini nayo si ya milele. Mashamba huuzwa, mipaka huhama, vijana huenda mjini.

Haya yote hayana maana kwamba kurudishwa ni kosa. Mwigizaji Mswidi Greta Garbo alifariki New York mwaka 1990, na mwaka 1999 majivu yake yaliletwa Skogskyrkogården. Mwalimu Nyerere alifia London akazikwa Butiama, na hakuna Mtanzania ambaye angetaka vinginevyo. Mzee aliyesema kwa kinywa chake kwamba anataka kulala kando ya mama yake Pemba au Siaya apelekwe huko, na kila mwenye uwezo achange. Kinachokataliwa hapa ni kumpeleka asiyesema, au aliyesema kinyume, kwa kuogopa maneno ya watu.

Basi watoto wenye wazazi Stockholm, Göteborg au Malmö wawaulize sasa, wakiwa hai na wazima, bila kungoja hospitali ipige simu. Jibu liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiswidi, litiwe saini, nakala ipelekwe kwa baba wadogo na mashangazi nyumbani ili siku ikifika pasiwe na wa kushangaa. Akichagua nyumbani, arudishwe. Akichagua Stockholm, azikwe Stockholm na wanawe na rafiki zake, na ndugu watakaowalaumu kwamba wamemtupa waonyeshwe saini yake.