Mbio za magari za ridhaa: Kasi si ya kununuliwa pekee

KWA miaka mingi, mkaazi wa mtaa wa Ayany huko Kibera hakuhitaji tangazo la gazeti ili kujua kwamba kulikuwa na mbio za magari katika uwanja wa Jamhuri. Ngurumo za injini zilimfikia nyumbani, na punde vijana walionekana wakikata njia kuelekea upande wa Ngong Road, wachache wakiwa na tiketi na wengi wakiwa na tumaini la kupata mwanya kwenye ua.

Waliporejea jioni, mjadala katika vituo vya matatu za nambari 8 ulikuwa mmoja: ni nani hasa mkali, yule aliyenunua Subaru yenye tabo au yule aliyejiundia kigari chepesi nyuma ya gereji?

Mjadala huo waweza kuonekana kuwa porojo za vijana. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo wasimamizi wa mchezo huu humu nchini hawana budi kulijibu. Je, mbio za ridhaa zitabaki kuwa za wenye mifuko mizito, ama zitamfungulia mlango kijana wa Ayany mwenye kipaji cha usukani na ujuzi wa spana?

Ili kulijibu, yafaa kwanza kufahamu jinsi kasi inavyopatikana.

Katika mbio za otokrosi, ambazo ndizo zilizozoeleka Jamhuri, dereva hushindana na saa zaidi ya anavyoshindana na mwenzake. Hupewa mizunguko kadhaa katika njia ya udongo yenye kona nyingi, muda wake ukanakiliwa, na akigonga alama za njiani huongezewa sekunde.

Magari nayo hugawanywa kwa madaraja. Kuna yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili na yanayoendeshwa kwa manne, yenye tabo na yasiyo na tabo, kuna vigari vya bagi, na hata daraja la watoto linaloitwa Bambino.

Mgawanyo huo wenyewe ni ushahidi kwamba njia za kupunguza muda wa mzunguko ni zaidi ya moja. Kwa jumla, njia hizo ni tatu.

Njia ya kwanza ni nguvu. Hii ndiyo inayopendwa na wenye fedha, na hapa Nairobi ina sababu ya kipekee. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya kawaida inayoletwa huku kutoka Pwani hupoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu ya uhaba wa hewa hiyo.

Tabo, ile pampu inayoshindilia hewa ndani ya injini, huziba pengo hilo kwa kiasi kikubwa. Si ajabu basi kwamba Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zimetawala fikira za mashabiki kwa zaidi ya miaka 20. Magurudumu manne yanayosukuma kwa pamoja huyapa magari hayo uwezo wa kuchomoka katika kona ya udongo pale ambapo mengine yanabaki yakitimua vumbi.

Lakini nguvu ina gharama yake. Injini ya tabo hunywa mafuta kwa pupa, hula matairi na giya, na ikiharibika haitengenezwi kwa vijisenti. Mwenye gari la namna hiyo hulipa mara mbili, siku anapolinunua na kila siku anapolikimbiza.

Njia ya pili ni wepesi. Tuchukue mfano wa gari lenye nguvu za farasi 220 na uzito wa kilo 1,300 pamoja na dereva wake. Kila tani moja ya gari hilo inasukumwa na farasi 169. Sasa tuchukue bagi yenye fremu ya vyuma, iliyofungwa injini ya pikipiki ya nguvu za farasi 100 na kufikisha kilo 500 dereva akiwa ndani. Hapa kila tani inasukumwa na farasi 200.

Kigari hicho kidogo, ambacho mpita njia angekicheka, kinaweza kuondoka upesi kuliko gari la thamani kubwa. Aidha, kwa kuwa ni chepesi, breki zake hazichemki upesi na matairi yake hayachoki haraka.

Wepesi ni njia ambayo fundi wa jua kali anaweza kuifuata. Anayejua kuchomelea vyuma, kupima pembe za magurudumu na kuchagua springi kutoka maduka ya Kirinyaga Road tayari ana nusu ya elimu inayohitajika. Anachokosa ni vipimo vya usalama vilivyoandikwa kwa lugha anayoielewa, na mkaguzi wa kumwambia kasoro iko wapi kabla ya siku ya mashindano.

Njia ya tatu ni dereva mwenyewe. Hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali hesabu rahisi inaonyesha uzito wake.

Chukua sehemu iliyonyooka ya mita 300. Gari linaloipita kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa hutumia sekunde 10.8. Ukiliongezea nguvu hadi wastani wake ukafika kilomita 105 kwa saa, litatumia sekunde 10.3. Umeokoa nusu sekunde, na huenda umetumia maelfu mengi ya shilingi.

Sasa tazama kona moja ndefu ya mita 100. Dereva anayeipita kwa kilomita 40 kwa saa hutumia sekunde 9. Akijifunza kuipita kwa kilomita 44, atatumia takriban sekunde 8.2. Ameokoa sekunde 0.8 katika kona moja tu, bila kubadilisha hata skrubu ya injini. Mzunguko ukiwa na kona 5 za aina hiyo, ataokoa sekunde 4.

Jinsi ya kuokoa sekunde hizo inajulikana. Dereva hufunga breki gari likiwa limenyooka, si likiwa limeshaanza kupinda. Huingia kona akitokea upande wa nje, hugusa ukingo wa ndani, kisha huliacha gari litanuke hadi nje tena huku akikanyaga mafuta polepole. Anayeingia kwa pupa hutoka kwa kusuasua, na hasara hiyo humfuata katika sehemu yote iliyonyooka inayofuata.

Ni muhimu pia kuisoma ardhi. Njia ya udongo hubadilika kadiri magari yanavyopita. Wa mapema huteleza juu ya changarawe huru, wa baadaye hukuta sehemu iliyofagiliwa yenye mshiko bora, na wa mwisho hukuta mashimo. Dereva anayetambua mabadiliko hayo hubadilisha njia yake na hata kiasi cha hewa katika matairi. Asiyetambua hulaumu injini.

Historia ya nchi hii ina ushahidi wa kutosha kuhusu jambo hili. Mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa gari la Volvo PV544 ambalo lilikuwa limeshatumika kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na alilijua gari lake kama mkulima anavyolijua shamba lake. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976.

Mwaka 1993, Subaru ilileta Safari kigari cha Vivio chenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, ambayo ni ndogo kuliko injini za pikipiki nyingi kubwa. Mmoja wa madereva wake alikuwa Colin McRae wa Scotland, ambaye miaka miwili baadaye alitawazwa bingwa wa dunia. McRae alikwenda kwa kasi iliyowashangaza wengi, lakini hakumaliza. Mkenya Patrick Njiru, aliyeendesha gari la aina ile ile, alifika mwisho akiwa wa 12. Gari lilikuwa la aina moja. Tofauti ilikuwa namna ya kuishi na njia.

Basi, ikiwa dereva anaweza kuokoa sekunde nyingi kuliko injini, mbona vijana wa Ayany na mitaa jirani ya Olympic na Karanja hawaonekani katika orodha za washindi?

Sababu ni kwamba ujuzi huo pia una bei. Bei yake ni saa za kukaa nyuma ya usukani. Hakuna anayejifunza kona kwa kuitazama kupitia mwanya wa ua. Anayetoka katika familia yenye gari la mashindano huanza Bambino akiwa mtoto, na afikapo miaka 20 ameshapita maelfu ya kona. Kijana wa Kibera mwenye umri huo ameshika usukani wa magari ya wateja gerejini, tena kwa kuyatoa na kuyaegesha.

Kwa hivyo njia ya tatu, ambayo kwenye karatasi ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, kwa hakika imefungwa kwa kufuli lile lile la fedha.

Wanaofungiwa nje hawaachi kupenda kasi. Barabara ya Southern Bypass, inayopita kusini mwa Kibera kando ya msitu wa Ngong, imenyooka, ina lami safi na haina ada ya kujiandikisha. Si siri kwamba barabara kuu za jiji hili hugeuzwa viwanja vya mbio usiku unapoingia. Huko hakuna mkaguzi, hakuna daktari, na anayevuka barabara akirejea kutoka kazini hana habari kwamba yumo katika mashindano.

Ajali za barabarani zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 humu nchini kila mwaka tangu 2021. Haingekuwa haki kudai kwamba mbio haramu ndizo chanzo kikuu cha vifo hivyo. Lakini kila kijana anayejifunza mipaka ya gari lake uwanjani, akiwa na kofia ngumu na mshipi, ni mmoja aliyepungua miongoni mwa wanaojifunza mipaka hiyo katika barabara ya umma.

Nafasi nayo inazidi kubanwa. Mnamo 2024, ujenzi wa uwanja wa kandanda wa Talanta wenye viti 60,000 ulianza katika eneo hilo hilo la Jamhuri kwa ajili ya fainali za Kombe la Afrika za 2027. Hakuna anayepinga kandanda. Ila mji unaojengea mchezo mmoja wapaswa kuukumbuka na mwingine, hasa katika nchi ambayo neno langalanga lenyewe limetokana na Langa Langa, njia ya mbio iliyokuwa Bonde la Ufa enzi ya ukoloni.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu ni ghali kwa maumbile yake, na kwamba kuufanya rahisi ni kuhatarisha maisha. Hoja hiyo ina uzito. Fremu ya vyuma inayomkinga dereva, mshipi wa mabega, kofia ngumu na kizima moto si mambo ya kupunguziwa bei kwa kukatwa ubora.

Lakini vifaa hivyo hununuliwa mara moja na vinaweza kutumiwa na madereva kadhaa kwa zamu. Kinachokausha mifuko mwaka baada ya mwaka ni mashindano ya kununua nguvu. Hayo ndiyo yanayoweza kuwekewa kikomo na sheria.

Shirikisho la Michezo ya Magari nchini lingeweza kuanzisha daraja moja la magari madogo yasiyo na tabo, ya magurudumu mawili, yenye matairi ya aina moja na kikomo cha gharama. Gari moja liruhusiwe kuwa na madereva watatu au wanne, kila mmoja akiwa na muda wake mwenyewe. Kundi la mafundi wa Kibera lingeweza kumiliki gari kama hilo kwa ushirika, jinsi wengine wanavyomiliki matatu.

Pili, ziwepo siku za mazoezi zisizo za mashindano, ambapo kijana analipa ada ndogo na kupewa mwalimu kando yake. Mashindano machache kwa mwaka hayawezi kumfunza mtu.

Tatu, wasimamizi wajifunze kwa majirani zao. Katika uwanja wa farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, si ajabu kumwona farasi bora akiongezewa uzito ili wengine nao wapate nafasi. Nchini Japani, mashindano ya magari ya Super GT hufanya vivyo hivyo kwa gari linaloshinda. Kinachofaa kwa farasi wa Ngong hakiwezi kushindikana kwa magari ya Jamhuri.

Wenye Subaru na Mitsubishi wasiogope. Hakuna anayetaka kuwanyima daraja lao, na mashabiki wataendelea kuja kuwatazama. Hata wao watafaidika, kwani bingwa asiyepimwa na wengi hajui kama ni bingwa kweli.

Wahenga walinena kwamba mchezea zuri, baya humfika. Vijana wetu wameachwa waichezee kasi mahali pabaya, ilhali mahali pazuri pamewekewa ua. Ua huo si lazima ubomolewe. Yatosha kuutia lango, na kando ya lango kuwekwe saa isiyomuuliza mtu anatoka mtaa gani.