Daftari la Wiki: Kufunga Kabati ni Ufundi

Maboksi bapa

Jirani yangu amenunua kabati la nguo lililokuja likiwa mbao tupu, mfuko wa skrubu na karatasi ya michoro. Akamwita fundi wa mtaani, wakakwama kwenye bei. "Ni kukaza skrubu tu," alisema. Nadhani kauli hiyo ndiyo inayowanyima mafundi wengi haki yao.

Kazi haikupotea

Samani za kuunganisha si jambo la jana. Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala aliyefanyia kazi Vienna, alitoa kiti namba 14: vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye kreti ya mita moja ya ujazo, vikasafirishwa na kuunganishwa huko vilikofika. Mwaka 1956 Gillis Lundgren wa kampuni ya samani ya Ikea aliifungua meza miguu ili iingie garini, na kampuni ikajenga biashara yake juu ya wazo hilo.

Nafuu ya usafiri ni ya kweli. Lakini kazi iliyoondolewa kiwandani imehamia sebuleni kwa mnunuzi. Mwaka 2017 Ikea yenyewe iliinunua TaskRabbit, kampuni ya Marekani inayowakutanisha wateja na watu wa kazi za mikono wanaojitegemea. Ikiwa muuzaji mkubwa kiasi hicho ameona wateja wake wanahitaji fundi, kwa nini sisi tuone haya kumlipa wetu?

Anachokijua fundi

Mbao nyingi za samani hizi ni chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Skrubu ikikazwa kupita kiasi, tundu linameguka na halishiki tena. Maji yakiingia kwenye ukingo ulio wazi, ubao unavimba na haurudi ulivyokuwa. Ule ubao mwembamba wa mgongoni, ambao wengi huuona pambo, ndio unaolizuia kabati lisiyumbe. Fundi mzuri hupima kona kwa kona kabla ya kuupigilia: vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka na milango itafunga. Hayo hayamo yote kwenye karatasi ya michoro. Yamo mikononi mwa aliyekwisha kufunga mengi.

Ukutani

Hili la kulifunga kabati ukutani nalisema kwa uzito. Mwaka 2016 Ikea iliwaita wateja wa Marekani warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29, au wayafunge ukutani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mtoto akivuta droo zote na kuzipanda kama ngazi, uzito wote huja mbele. Kuta zetu nyingi ni za tofali za saruji. Bisibisi peke yake haitoshi, panatakiwa drili na plagi za ukutani. Kazi hiyo itajwe kwenye mapatano tangu mwanzo na ilipiwe.

Mapatano

Mwoneshe fundi karatasi ya maelekezo, au picha yake kwenye simu, kabla hamjataja bei. Fungueni boksi pamoja na mhesabu vipande, ili kikipungua kimoja asibebeshwe lawama. Semeni mapema nani anabeba mzigo hadi ghorofani, na nani anarudi droo ikikwama. Ukitaka kujua ujuzi wake, tazama kazi alizofanya kwa majirani. Wapo pia waliojifunza kazini wakapimwa na kupewa vyeti, na mamlaka za mafunzo ya ufundi, VETA kwa Tanzania au NITA kwa Kenya.

Kisha kazi ikiisha, lipa siku hiyohiyo. Fundi wa mtaani hana mshahara wa mwisho wa mwezi, na jina lake ndilo tangazo lake. Akifanya vizuri, mpe namba yake jirani mwingine, na umtajie bei uliyolipa kwa haki, ili mapatano yanayofuata yaanzie hapo.