Aliyebeba Mzigo Naye Alikuwa Vitani

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, utaratibu ni ule ule. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, meya huweka upinde na mishale, mwakilishi wa askari wastaafu huweka shoka, na kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya. Sina ugomvi na heshima hiyo. Waliolala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya na Naliendele wanaistahili, na zaidi ya hiyo. Ugomvi wangu ni na imani tuliyoimeza tangu shule ya msingi, kwamba vita ni ya aliyeshika silaha, na wengine wote walikuwa wasaidizi tu.

Kwetu Kigoma imani hiyo haina mguu wa kusimamia. Chukua Liemba, meli ambayo kila mtoto wa hapa anaijua. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa reli mpya ya kuja huku. Mafundi watatu wa Kijerumani waliokuja kuiunga upya tunawajua kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliogonga ribiti bega kwa bega nao, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, hutajwa kwa jumla, kana kwamba nao walikuwa sehemu ya shehena. Meli ikashushwa majini Februari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikabeba mzinga, na ikalitawala Ziwa Tanganyika.

Kuliwania ziwa hilo, Waingereza nao walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town. Treni ilizifikisha Fungurume, Kongo. Kuanzia hapo ziliburutwa kwenye milima ya Mitumba. Watu kwa mamia walikata miti, wakajenga madaraja, wakashika kamba pale matrekta ya mvuke yaliposhindwa kupanda. Mitambo hiyo ilipokosa maji, wanawake wa vijijini waliitwa wayachote na kuyabeba vichwani. Bila mitungi ya akina mama wale, mashua zile zingeozea porini.

Matokeo yake yanajulikana. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kamanda Spicer-Simson, aliyeziongoza mashua za Waingereza, akavishwa nishani, na maofisa na mabaharia wake kadhaa wakavishwa zao. Jenerali Tombeur wa Ubelgiji, ambaye majeshi yake yaliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huo, alipewa ubaroni na kuruhusiwa kujiita wa Tabora. Katika orodha ya nishani za mashua zile huoni mvuta kamba hata mmoja. Mbeba mtungi ndiyo kabisa.

Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza pekee, katika Afrika Mashariki yote, wanakadiriwa kufika 95,000 au zaidi. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva, kwa sababu aliyetembea kutwa na mzigo kichwani hakuwa na kuni wala muda wa kupika. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakupewa kaburi lenye jina, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi hiyo ilichelewa miaka mia moja.

Wajerumani walikumbuka deni lao mwaka 1964. Askari wazee waliowapigania katika vita ile waliitwa Mwanza kulipwa malimbikizo yao. Wengi hawakuwa na karatasi, basi inasimuliwa kwamba walipewa ufagio washike kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani: tega, shusha, bega. Mwili ulikuwa unakumbuka, wakalipwa. Mtihani wa namna hiyo mpagazi angeupitaje?

Najua jibu litakalokuja: hao walilazimishwa, na ile ilikuwa vita ya Wazungu, shujaa ni anayejitolea kwa nchi yake. Sawa. Basi tuanze kwa kuing'oa Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, maana askari yule wa shaba wa mwaka 1927 naye alimpigania mfalme wa Uingereza, na wenzake wengine hawakuulizwa hiari. Hatuing'oi, wala sisemi ing'olewe. Maandishi chini yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu amesimama mwenye bunduki peke yake. Nairobi angalau walimsimamisha mpagazi kando ya askari.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 1978 serikali ilipoyachukua malori ya mashirika na ya watu binafsi kwenda kwenye vita ya Kagera dhidi ya Uganda, kuna madereva waliokwenda nayo. Mgambo walitoka mashambani na wengine wakarudi mashambani. Leo askari wetu aliyeko Kongo anakula kilichopikwa na mpishi, anatibiwa na mganga, anasafiri kwa gari la fundi. Kumheshimu mpishi hakumpunguzii askari kitu.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, Siku ya Mashujaa ijayo, katika mkoa huu, kando ya mkuki na ngao iwekwe ngata, ile ile wanayoitumia akina mama wa Kibirizi kubebea dagaa, na iwekwe na mwananchi asiye na cheo. Pili, halmashauri zetu zitume walimu wa historia Ujiji, Uvinza, Kasulu na Kibondo wakakusanye majina ya waliochukuliwa kubeba mizigo, kwa sababu wajukuu wanaoyajua wanazeeka. Majina hayo yachongwe kwenye jiwe mbele ya stesheni ya Kigoma. Kisha serikali iyapeleke London, Berlin na Brussels, pamoja na hesabu ya mishahara ambayo haikulipwa.