Keroka: Seva Moja Si Dawa

Jamani, acheni kuniambia "wekeni data yote kwenye seva moja"! Keroka iko mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo, zilizoanza kazi 2013, zimezozania ushuru wake. Seva moja itamchagua mshindi kimyakimya. Hiyo ni siasa iliyovaa koti la programu.

Jean Leray, mfungwa wa vita miaka ya 1940, alianzisha hisabati ya miganda: kila eneo litunze data yake, mlinganishe pale maeneo yanapoingiliana. Zikilingana, unganisha. Zikigongana, onyesha zinapogongana. Toposi za Grothendieck zinaruhusu jibu kama "kibanda kimelipiwa Kisii, Nyamira bado". Mama muuza ndizi mwenye risiti moja anastahili mfumo unaolijua hilo kabla kanjo hajamfikia.