Miji Mingapi Waijua?

Mchezo wa kutaja miji umeenea sana siku hizi. Kijana hufungua simu yake ya mkononi, ramani tupu isiyo na jina hata moja ikamkabili, naye kazi yake ni kuandika mji mmoja baada ya mwingine mpaka akili ikauke. Kila jina lililo sahihi huweka nukta juu ya ramani, na idadi ya watu wa mji ule huongezwa katika jumla yake. Wengine huucheza mashuleni kwa sauti, kundi kwa kundi, mwalimu akishika saa na mtoto mmoja akipiga vistari ubaoni. Wako wazee wasemao kuwa huu ni upuuzi wa kupoteza saa. Sisi hatuko nao. Ajuaye kuitaja miji mia mbili bila kutazama kitabu amejenga ghala kichwani, na ghala si kitu cha kudharau.

Lakini ghala hilo limejazwa nini? Hapo ndipo tunapotaka kusema na wasomaji wetu juma hili.

Mwambie kijana ataje miji ya Uingereza. Atakumwagia Manchester, Liverpool, Birmingham, Newcastle, Leeds, Southampton na Brighton bila kuvuta pumzi, maana huisikia kila Jumamosi katika mpira. Hatumlaumu, mpira ni mwalimu hodari, na hachapi mtu. Sasa mwambie ataje miji ya Msumbiji, nchi iliyo ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Atasema Maputo. Pengine Beira. Kisha atatazama dari. Ziko wapi Nampula, Nacala, Pemba, Quelimane, Tete na Lichinga? Mtu wa Mtwara yu karibu zaidi na Pemba ile ya Msumbiji kuliko alivyo karibu na Dodoma, na wengi hawajui hata kama uko mji wenye jina hilo, wadhani Pemba ni moja tu.

Ati wengine hujibu kwamba miji ile ya Ulaya hutajwa kwa sababu ndiyo mikubwa. La hasha! Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika manispaa ya Kahama watu zaidi ya laki nne. Oxford, ambayo jina lake lajulikana mpaka vijijini, haifiki laki mbili. Basi katika mchezo unaohesabu watu, mchezaji aliyeandika Kahama amepata zaidi ya mara mbili ya aliyeandika Oxford, na anayetaka kushinda kwa kweli ingempasa aijue Afrika kwanza, si mwisho. Hii si siasa, ni hesabu tu.

Twajua desturi hii ilianzia wapi. Katika shule za kikoloni mtoto wa Kiafrika alifundishwa bandari na mito ya Uingereza kabla ya kufundishwa mahali maji ya wilaya yake yanapokwenda. Na hata miji yake mwenyewe aliifundishwa kwa majina ya wageni. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wa Ujerumani. Tukuyu iliitwa Neu Langenburg. Kasanga, kule kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg. Kenya walikuwa na Fort Hall, ambayo ni Murang'a, na Thomson's Falls, ambayo ni Nyahururu. Kongo walingoja mpaka mwaka 1966 ndipo Léopoldville ikawa Kinshasa, Élisabethville ikawa Lubumbashi na Stanleyville ikawa Kisangani. Fort Lamy ya Chad iligeuka N'Djamena mwaka 1973, Lourenço Marques ikawa Maputo mwaka 1976, Salisbury ikawa Harare mwaka 1982. Port Elizabeth ya Afrika Kusini imeitwa Gqeberha tangu mwaka 2021, na tunawahurumia watangazaji wasiokuwa Waxhosa.

Hapa pana swali ambalo waamuzi wa mashindano hugombana juu yake: mchezaji akiandika Salisbury, apewe alama au anyimwe? Wako wanaosema anyimwe kabisa, jina lile lifutwe hata vichwani. Sisi twasema apewe nusu, na nusu ya pili aipate akitamka Harare. Anayejua majina yote mawili amejua mji na amejua pia yaliyoupata. Anayefuta jina la zamani asije akadhani amefuta na historia yake. Wala si kila jina la kigeni limeondoka: Uganda ilipoanzisha majiji mapya mwezi wa Julai 2020, moja lilikuwa Fort Portal, lenye jina la Bwana mkubwa wa Kiingereza, na wenyewe wameridhika nalo. Wenye mji ndio wenye kauli. Zambia nao wameiacha Livingstone kama ilivyo.

Na kubadilika kwa majina si jambo la Afrika peke yake. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana mwaka 1998, ukaitwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi kuwa Astana mwaka 2022. Jirani zetu wa Rwanda walibadili mengi kwa mara moja mwaka 2006: Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, Gisenyi ikawa Rubavu, na bado wasafiri wengi hutaja ya zamani stendi. Mwamuzi asiyejua haya atawanyima watu haki yao.

Sasa tutazame ni nani anayeandika daftari la miji. Watungaji wa michezo hii hawakai wakiikumbuka miji kwa vichwa vyao. Huchota katika madaftari makubwa kama GeoNames, ambayo hutolewa bure kwa yeyote, nayo yamepangwa kwa ukubwa: miji yenye watu zaidi ya 500, zaidi ya 1,000, zaidi ya 5,000, zaidi ya 15,000. Mji ambao hesabu yake haikuandikwa, au iliandikwa ya miaka arobaini iliyopita, huanguka nje ya chekeche. Mtoto wa mji ule huandika jina la kwao, jina analolijua kuliko yote duniani, na mashine humjibu kwamba hakuna mji kama huo. Jambo hili latuuma sisi kuliko alama zote za mchezo. Lakini kulalamika hakutoshi, maana mlango uko wazi. Madaftari hayo hupokea masahihisho. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na yeyote mwenye kujitolea, na Dar es Salaam tumekwisha kuona mfano: katika kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walitembea kwa miguu wakaandika njia, mifereji na majumba ya mitaa ambayo ramani za zamani ziliyaacha tupu, ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Kilichofanyika Tandale kwaweza kufanyika Mlimba.

Wasomaji wengi hutuuliza namna ya kuikumbuka miji mingi. Tunawaambia: msikariri orodha. Pandeni garimoshi. Shika Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, uteremke nayo kituo kwa kituo: Dar es Salaam, Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Umepata kumi kabla chai haijapoa. Kisha panda TAZARA: Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma, uvuke mpaka kwenda Nakonde, Kasama, Mpika, Serenje, hata Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Au twaa jahazi. Anzia Mogadishu, Marka, Barawa na Kismayu, ushuke Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Mikindani, mpaka Angoche na Inhambane. Na pepo zikigeuka zitakupeleka Maskati na Sur, miji ambayo babu zetu waliijua kabla ya Manchester kuwa na timu ya mpira. Jina lililokaa juu ya njia halipotei, kwa kuwa lina jirani wa kulikumbusha.

Uko na ule mchezo wa mdomo, ambao Warusi huuita Goroda, yaani Miji: mmoja hutaja mji, wa pili lazima ataje mwingine unaoanza kwa herufi iliyoishia ule wa kwanza. Mchezo huu kwetu ni mtego. Kati ya makao makuu 26 ya mikoa ya Tanzania Bara wakati wa sensa ya 2022, 19 yaishia kwa A. Mtu akisema Mwanza, unatafuta mji wa A, wa kwanza kuja mdomoni ni Arusha, nayo yarudisha A. Jirani asema Accra. A tena. Asmara, Abuja, Addis Ababa, Ankara, Astana: wote wakuu wa nchi, wote ni mlango uleule. Mganda ndiye mwenye ufunguo, maana ana Adjumani. Akiishatoa huo, mwenzake anayekimbilia Itigi amejifunga mwenyewe.

Ushauri wetu kwa matawi na klabu za vijana zinazotaka kuandaa mashindano ni huu. Kila jina likitajwa, mwamuzi aulize swali moja dogo: uko nchi gani, na kuna nini huko? Asiyejibu apewe alama moja, anayejibu apewe tatu. Kijana atakayesema Kalemie ni bandari ya Kongo inayotazamana na Tanzania ng'ambo ya Ziwa Tanganyika amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyemwaga majina ishirini kama mashine ya kuhesabia fedha. Miji ya wilaya yenu wenyewe itajwe kwanza, kabla saa haijaanza kuhesabiwa. Majina ya Kiswahili yakubaliwe: aliyesema Kairo asinyimwe kwa kukosa kusema Cairo. Na ikitokea jina ambalo mwamuzi halijui, asilikatae mpaka ramani imeletwa mezani na watu wote wawili wameitazama.